Kisanduku kidogo cha runinga: kabla hujatoa pesa, soma haya

Wiki hii siasa tuziache kando. Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo, kinachotosha kiganjani, ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi bila kubisha hodi vizuri. Wengine wanakiita boksi ya Android, wengine TV box, na mamangu anakiita "hicho kidude". Ni kile kisanduku kinachochomekwa nyuma ya runinga, kikaunganishwa na waifai, na runinga ya kawaida ikaanza kuonyesha YouTube, Netflix na mengineyo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kidude hicho kilituaibisha.

Ramadhani iliyopita nilikuwa Nairobi, mtaa wa Woodley, kwa dada yangu mkubwa. Anakaa nyuma ya barabara ya Joseph Kang'ethe, mahali ambapo upepo ukivuma vizuri unasikia adhana kutoka upande wa Kibra. Mama ameletwa kule kutoka Mombasa kwa ajili ya kliniki, na daktari hamruhusu kusafiri kila mara. Basi mchana kutwa yuko sebuleni, baridi ya Nairobi inamtesa, mashoga zake wote wako Kibokoni, na mwenzake ni runinga. Anachotaka si kingi. Anataka kuona Makka moja kwa moja, anataka taarabu za kina Zein l'Abdin na Juma Bhalo, na anataka mkanda wa harusi yake, ambao ndani yake marehemu babangu anacheka.

Mpwa wangu, kijana wa chuo, akampendeza bibi yake. Akaingia duka moja katikati ya jiji, akatoa Sh3,500, akarudi na kisanduku cheusi chenye taa za buluu. Aliambiwa kinashika chaneli zote duniani bure, hakuna kulipa mwezi. "Mjomba, hii ni moto," akaniambia. Na kweli siku tatu za kwanza tulifurahi.

Usiku wa nne tumeshafuturu, tumeketi na Mama kusubiri tarawehe. Saa za Makka na za Nairobi ni moja, kwa hivyo anapenda kufuatilia. Ghafla skrini nzima ikafunikwa na tangazo la wanawake ambao sitawaelezea hapa. Rimoti ikabonyezwa, haikujibu. Mama akajifunika uso kwa mtandio, "Zima, baba, zima!" Dada akawakumbatia watoto. Mimi nikang'oa waya ukutani. Kijana wa watu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usiku ule sikulala mapema. Nina stashahada ya umeme niliyoipata Mombasa Polytechnic, kabla hakijawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na nikaona ni aibu kwangu kushindwa na kitu cha ukubwa wa kopo la tambuu. Niliyojifunza nakupa hapa, ili wewe usijifunze mbele ya mamako.

Kitu hiki ni nini hasa

Kisanduku hiki ni kompyuta ndogo isiyo na skrini. Ndani mna kichakato, kumbukumbu, na mtambo wa waifai. Skrini yake ni runinga yako, na kibodi yake ni rimoti. Kinachukua picha kutoka intaneti, au kutoka flashi, au kutoka kompyuta nyingine iliyo nyumbani mwako, kinazifungua na kuzipeleka kwenye runinga kupitia waya wa HDMI.

Si kitu kigeni. Apple ilianza kuuza Apple TV mwaka 2007, Roku ikafuata 2008, na 2013 Google ikatoa Chromecast, kijiti cha dola 35 kilichoufanya mtindo huu uenee kwa watu wa kawaida. Vya siku hizi vingi vinatumia mfumo wa Android TV au Google TV.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kisanduku hiki si king'amuzi. Mnakumbuka Februari 2015, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima mitambo ya analogi, na Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu? Tangu hapo kila nyumba inahitaji king'amuzi, au runinga yenye king'amuzi ndani yake, cha mfumo wa DVB-T2, ili kunasa matangazo ya kidijitali kwa antena. Kisanduku cha intaneti hakinasi antena. Ukitaka taarifa ya habari ya saa moja usiku wakati intaneti imekatika, kisanduku hakitakusaidia hata kidogo. King'amuzi kitakusaidia. Kwa hivyo usitupe king'amuzi chako ati kwa sababu umenunua kisanduku. Vyote viwili vinakaa pamoja, kila kimoja kwenye tundu lake la HDMI au AV.

Je, unakihitaji?

Kabla ya kwenda dukani, zunguka nyuma ya runinga yako uangalie.

Ikiwa runinga yako tayari ni ya intaneti na inafungua YouTube bila kukwama, pesa zako ziache mfukoni. Kisanduku kinafaa kwa hali tatu: runinga yako si ya intaneti lakini ina tundu la HDMI, au ni ya intaneti lakini imezeeka, programu zake hazisasishwi tena na kila kitu kinajikokota, au unataka kuhamisha huduma zako kutoka runinga moja hadi nyingine kama mtu anayehama nyumba mara kwa mara.

Ikiwa runinga yako ni ile ya mgongo mkubwa yenye matundu matatu ya manjano, nyeupe na nyekundu tu, jua kwamba visanduku vingi vya sasa havina matundu hayo. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda AV, na picha haitakuwa safi. Wakati mwingine ni bora kuongeza kidogo ukabadilisha runinga.

Intaneti kwanza, kisanduku baadaye

Watu hununua kisanduku cha picha za 4K, kisha wanakilisha intaneti ya kijiko cha chai. Hapo lawama zote zinaenda kwa kisanduku.

Netflix wenyewe wanapendekeza kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720, megabiti 5 kwa picha ya 1080, na megabiti 15 kwa 4K. Hizo ni za runinga moja. Kama sebuleni bibi anatazama Makka, chumbani kijana anacheza gemu, na shemeji yuko kwenye mkutano wa mtandaoni, jumlisha zote.

Sasa tuje kwenye kiasi cha data. Kwa makadirio ya Netflix hao hao, saa moja ya picha ya kawaida hula karibu gigabaiti 1, saa moja ya HD hula hadi gigabaiti 3, na 4K hadi 7. Chukua Mama anayetazama saa nne kwa siku. Kwa HD ni gigabaiti 12 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni gigabaiti 360. Kwa picha ya kawaida ni 120. Hesabu hiyo iweke mbele ya bei ya bando la simu yako, utaelewa kwa nini kisanduku hiki si cha mtu anayetegemea hotspoti ya simu. Kinataka intaneti ya nyumbani ya malipo ya mwezi yasiyohesabu kila gigabaiti. Kule Woodley dada ana waya wa faiba. Kama huna, ingia kwenye mipangilio ya YouTube uchague ubora wa 480. Kwenye runinga ya inchi 32, mtu wa umri wa Mama hataona tofauti kubwa.

Halafu kuta. Nyumba ya dada ni ya mawe, kuta nene. Ruta iko ukumbini, runinga iko sebuleni, na katikati kuna kuta mbili. Ruta nyingi za sasa hutoa waifai ya namna mbili, ya 2.4 na ya 5. Ile ya 5 ina mbio lakini huchoka haraka ikikutana na ukuta. Ile ya 2.4 huenda mbali zaidi lakini ni ya polepole na husongamana na waifai za majirani. Tulijaribu zote mbili. Ya 5 ikawa inakatika, ya 2.4 ikawa inasita jioni majirani wote wanaporudi kazini. Suluhisho lilikuwa kuihamisha ruta hatua tano, ikakaa mlangoni mwa sebule. Hatukununua chochote. Ikiwa kisanduku chako kina tundu la waya wa mtandao, na ruta iko karibu, tumia waya na usahau habari za kuta.

Na sisi watu wa Pwani tusijione tuko nyuma ya Nairobi kwa hili. Nyaya za baharini zinazoleta intaneti Kenya zinatua kwetu Mombasa: SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, Afrika Mashariki nzima ilijikokota, na Nairobi nayo ilikaa kimya. Siku kama hiyo kisanduku cha 4K ni pambo la meza. Ndiyo maana nitakuja kusisitiza habari ya flashi.

Hatari usiyoiona

Turudi kwenye kile kisanduku cheusi. Asubuhi ya pili baada ya ile aibu, nilikichomeka tena nikiwa peke yangu, nikafungua ukurasa wa ruta kwa simu ili nione kila kifaa kinatumia nini. Kisanduku kilikuwa hakionyeshi kitu, skrini imezimwa, lakini kinatuma na kupokea data bila kupumzika. Kinazungumza na nani? Mimi sijui lugha yake, lakini nilijua si mazungumzo ya heri.

Jambo hili limeandikwa sana. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa usalama, Daniel Milisic, alieleza jinsi alivyonunua kisanduku cha jina T95 kikiwa kipya, akakuta ndani mna programu hasidi iliyotiwa kabla hakijamfikia. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Human Security ikatoa taarifa juu ya mtandao wa visanduku vya aina hiyo, ikauita BADBOX. Desemba 2024, mamlaka ya usalama wa mtandao ya Ujerumani ikakata mawasiliano ya vifaa kama 30,000 vilivyokuwa vimeambukizwa nchini humo. Juni 2025, FBI ya Marekani ikatoa tahadhari kwa umma kuhusu BADBOX 2.0, na Julai Google ikawashtaki waendeshaji wake, ikisema zaidi ya vifaa milioni 10 vimeingia mtegoni.

Hasara yako iko wapi? Kwanza ni matangazo machafu na ya kujilazimisha, kama tuliyoyaona. Ya pili ni kubwa zaidi. Kifaa hicho kinakodisha laini yako ya intaneti kwa watu wengine. Tapeli aliyeko mbali anaingia mtandaoni kupitia nyumba yako, na alama inayobaki ni ya anwani yako. Akivunja akaunti ya mtu, anayeonekana ni mwenye nyumba ya Woodley. Ya tatu ni kwamba wewe mwenyewe umeandika neno la siri la Gmail yako ndani ya kisanduku hicho, na Gmail ndiyo funguo ya simu, ya picha, pengine ya benki.

Na usidhani ukikirudisha kwenye hali ya kiwandani umepona. Vingi vimeambukizwa ndani ya mfumo wenyewe. Ukikifuta, kinaamka na ugonjwa wake.

Dalili za kisanduku cha shaka ni hizi: jina lake hulijui na halina kampuni nyuma yake, kinatangazwa kuwa kimefunguliwa na chaneli zote ni bure, kinakuja na duka lake la programu badala ya Play Store, kinakutaka uzime ulinzi wa Play Protect, na kikiwashwa kinafanana na simu iliyovutwa kwenye runinga, si mpangilio wa safu safu wa Google TV. Google huchapisha orodha ya kampuni zilizoidhinishwa kutengeneza vifaa vya Android TV. Jina likikosekana humo, shukuru uondoke.

Na hiyo habari ya "chaneli zote bure", tuambizane ukweli kama Waislamu. Mpira wa Ulaya unalipiwa. Filamu zimetengenezwa na watu wanaokula kwa jasho lao. Anayekuuzia kisanduku kinachokuonyesha vyote bila kulipa, anakuuzia mali ya mtu mwingine. Sheria ya hakimiliki iko, lakini hata ingekuwa haipo, haki ya mtu ni haki ya mtu. Na aliyekubali kuiba kwa niaba yako, nini kitamzuia kukuibia wewe?

Yanayoandikwa kwenye boksi

Tulirudi mjini, mimi na mpwa wangu, safari hii Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya umeme. Aliyekiuza kile cha kwanza hatukumrudia, maana hatukupewa risiti. Hilo nalo ni somo. Bila risiti huna mdomo.

Sasa nikupe namna ya kusoma maandishi ya boksi.

Kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM: gigabaiti 2 zinatosha kwa YouTube, Netflix na programu moja mbili. Chini ya hapo kitakuwa kinakwama. Nafasi ya kuhifadhia: vingi vya bei ya kati vina gigabaiti 8, na mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa. Inatosha, ilimradi hutajaza magemu. Kisanduku cha bei ya chini kabisa kilichoandikwa 8K na kumbukumbu nyingi kupita simu yako, kitilie shaka. Maandishi hayalipiwi ushuru.

Ruhusa ya kuonyesha: kampuni za filamu hutumia kufuli iitwayo Widevine. Kisanduku chenye daraja la L1 kinaruhusiwa kuonyesha Netflix kwa HD na zaidi. Chenye L3 hubaki na picha hafifu hata kama intaneti yako ni ya mbio kama farasi. Kwa hiyo usiulize kama kinafungua Netflix. Uliza kama kimeidhinishwa na Netflix kwa HD.

Lugha za picha: video hufungwa kwa namna mbalimbali ili zisafiri kwa wepesi. H.264 ni ya zamani na kila kifaa kinaijua. HEVC ilikuja 2013, na AV1 ikaja 2018. Kinachofungua AV1 kitakula data kidogo kwa ubora uleule na kitaishi miaka mingi zaidi. Si lazima, lakini kama bei inalingana, chagua hicho.

Matundu: angalia kama kuna USB, na kama kuna tundu la waya wa mtandao. Vijiti vidogo vingi havina hata kimoja.

Masasisho: nunua cha kampuni inayoendelea kukitunza. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziligoma dunia nzima kwa sababu cheti kimoja cha kidijitali kilikwisha muda wake, na wenyewe wakasubiri Google itengeneze. Walau kulikuwa na wa kutengeneza. Kile cheusi chetu kingegoma, tungempigia nani?

Sisi tulichukua Xiaomi TV Box S. Hakuna aliyenilipa kuitaja, na si hicho pekee kinachofaa. Kina RAM ya gigabaiti 2, nafasi ya gigabaiti 8, Play Store ya kweli na tundu moja la USB. Kasoro yake kwetu ni kwamba hakina tundu la waya wa mtandao. Tulilipa Sh8,000 na risiti yenye muhuri. Tulimwomba muuzaji akiwashe pale pale, akafungua Play Store mbele yetu, tukakagua na chaja. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimwomba hivyo.

Sh3,500 na Sh8,000 ni Sh11,500. Hiyo ndiyo bei halisi ya kisanduku cha Mama. Rahisi ni ghali.

Mkanda wa harusi

Kazi iliyonitia wasiwasi ilikuwa ile kanda ya harusi. Ilikuwa VHS. Miaka iliyopita fundi mmoja wa Mombasa alituhamishia kwenye diski ya kompyuta, na ikakaa humo bila kutazamwa, kwa sababu Mama hawezi kukaa mbele ya kompyuta.

Nikachomeka diski kwenye kisanduku. Ikalia kidogo, ikazima, ikalia tena. Sababu ni umeme. Tundu la USB 2.0 hupimwa kwa miliampia 500, na diski ya kuzunguka huhitaji zaidi ya hapo inapoanza. Dawa ni diski yenye chaja yake, au flashi, ambayo haizunguki wala haina njaa. Nikanunua flashi.

Nikanakili faili, kompyuta ikakataa, ikisema ni kubwa mno, na flashi ni tupu! Hili huwasumbua wengi. Flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja iliyofika gigabaiti 4, hata flashi ikiwa na nafasi ya kujaza maktaba. Mkanda wa harusi ulizidi. Unaweza kuibadilisha flashi iwe ya exFAT au NTFS, ila si kila kisanduku kinazisoma. Mimi nikaugawa mkanda vipande viwili: ndoa, na kutoa bibi harusi. Nikaweka programu ya VLC kutoka Play Store, inayofungua karibu kila aina ya faili, na kazi ikaisha.

Faida ya flashi ni kwamba haidai intaneti wala bando. Waya za baharini zikatike, Mama atatazama harusi yake. Mwenye mikanda mingi anaweza kuziweka zote kwenye kompyuta moja ya nyumbani yenye programu ya bure ya Jellyfin, na kila runinga ya nyumba ikazichukua kupitia waifai ya ndani. Hapo nako huhitaji intaneti, unahitaji ruta iwe imewashwa tu. Lakini kwa flashi moja na mzee mmoja, usijitafutie kazi.

Kumpangia mzee na mtoto

Usikiache kisanduku kama kilivyotoka dukani. Kwanza, tengeneza akaunti mpya ya Google ya runinga peke yake. Usitumie ile yenye picha zako na habari zako za pesa. Pili, fungua YouTube, nenda kwenye mipangilio, washa hali ya kuzuia maudhui yasiyofaa. Haizuii kila kitu, lakini inapunguza mengi. Watoto watengenezee sehemu yao. Tatu, ondoa kwenye ukurasa wa mbele kila programu ambayo mzee haitumii. Mama amebakishiwa tatu: YouTube, VLC na Netflix ya dada.

Nne, mfundishe vitufe vitatu tu: cha kuwasha, cha katikati na cha kurudi nyuma. Nilimbandikia utepe mwekundu kwenye cha kurudi nyuma, nikamwambia, "Mama, ukipotea, bonyeza chekundu." Akaniambia, "Mwanangu, natamani kila kitu duniani kingekuwa na chekundu."

Tano, yule mpwa wangu. Kijana alikaa siku mbili hanitazami usoni. Nilimwita nikamwambia kosa halikuwa lake. Alimnunulia bibi yake zawadi kwa pesa za nauli zake. Kosa ni la aliyemuuzia akijua, na letu sisi wakubwa tunaojua kidogo tukanyamaza. Ndiye aliyeniongoza Luthuli, na ndiye sasa anayezipanga kaseti za taarabu za bibi yake kwenye flashi.

Kile kisanduku cheusi sikukiuza wala sikumpa mtu. Ningekitoa sadaka ningekuwa nimempelekea mwenzangu mwizi nyumbani. Nilikifungua, nikakivunja, na neno la siri la Gmail iliyowahi kutumika humo na la waifai tukabadilisha usiku uleule. Na wewe ukigundua chako ni cha aina hiyo, fanya vivyo hivyo, usisubiri tangazo likufikie mbele ya wazee.

Usiku wa mwisho kabla sijarudi Mombasa, tulimwekea Mama kipande cha pili. Picha ina mikwaruzo, rangi zimefifia. Babangu akatokea, kijana, kanzu nyeupe, anacheka na mtu asiyeonekana. Mama hakusema kitu. Alichukua rimoti, akabonyeza katikati, akamsimamisha pale, akamtazama kwa muda. Kisha akabonyeza tena, marehemu akaendelea kucheka.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wazee wetu wote waliotangulia, na awape afya waliobaki. Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.